Kuku Hafariki: Maneno Yafananayo na Hatari ya Kucheka Kabla ya Kuuliza

Jumamosi moja mwezi uliopita nilifika katika duka moja la vifaa vya ujenzi pale Njiru, hatua chache kutoka Barabara ya Kangundo, kununua mifuko mitatu ya saruji. Ni duka ninalolijua vyema, na kijana anayenipakilia mizigo namjua pia. Siku hiyo hakuwepo. Nilipomuuliza mwenye duka aliko, hakunijibu mara moja. Alifunga daftari lake la madeni, akatazama nje, kisha akanisimulia kisa ambacho nitakifupisha hapa kwa idhini yake na ya kijana mwenyewe.

Jumatatu ya wiki hiyo, alfajiri, kijana huyo, ambaye ni mzaliwa wa Mumias, alimtumia arafa: "Boss, kuku yangu amefariki jana usiku. Naomba ruhusa niende nyumbani." Mwenye duka aliisoma akacheka. Aliwaonyesha wateja, nao wakacheka. Kisha akamjibu: "Pole sana. Supu usiisahau. Kuja kazi." Kijana alikuja kazini. Alibeba saruji Jumatatu, akabeba Jumanne, akabeba Jumatano, kimya kama maji mtungini. Ilikuwa Alhamisi jioni ndipo mwajiri alipomuuliza kisa cha kununa, naye akaambiwa: yule kuku ni bibi mzaa mama, aliyemlea tangu akiwa na umri wa miaka miwili. Mwenye duka alimpa nauli usiku huohuo. Kijana aliwasili Mumias Ijumaa asubuhi akakuta udongo wa kaburi ungali mbichi. Mazishi yalikuwa yamefanyika jana yake.

"Profesa," mwenye duka akaniambia, "wewe ndiye mtu wa maneno. Hebu niambie, mimi ningejuaje?"

Nililipia saruji yangu nikaondoka bila kumpa jibu la kuridhisha. Swali lake halikuwa la mzaha, na halijibiki kwa sentensi moja ukiwa umesimama mlangoni pa duka. Makala haya ndiyo jibu langu.

Tuanze na lililo wazi. Katika lahaja nyingi za Kiluhya, nyanya mzaa baba au mzaa mama huitwa kukhu. Herufi kh huwakilisha sauti inayokwaruza nyuma ya kinywa, kama ile tunayoisikia kwa wale wanaotamka neno "kheri" kwa lafudhi ya Kiarabu. Kiswahili cha kawaida hakina mazoea na sauti hiyo, na vidole vinavyoandika kwa haraka kwenye simu huidondosha herufi h bila kufikiri. Kukhu akawa kuku. Na kuku, kwa Mswahili, ni ndege wa kufugwa anayetaga mayai.

Kabla hatujamcheka kijana wa Mumias, natuwatazame nyanya zetu sote. Mwenye duka ni mzaliwa wa Kitui. Kwa Kikamba, nyanya ni susu. Haya basi, mpeleke susu huyo Lamu au Mombasa. Katika Kiswahili cha pwani, susu ni kining'inio cha kusukwa kwa kamba, kinachotundikwa jikoni ili vyakula visifikiwe na paka na panya. Mpeleke mbali zaidi hadi Indonesia, na susu atakuwa maziwa. Mkalenjin naye humwita nyanya yake kogo, na wapo wengi wanaolitamka na kuliandika gogo. Mzulu wa Afrika Kusini pia husema gogo. Lakini Kiswahilini gogo ni kipande kikubwa cha mti ulioangushwa. Hebu fikiria arafa isemayo, "Gogo ameanguka, nakimbia hospitali."

Na sisi tunaojidai kuwa Waswahili je? Nyanya wetu ni yule mama mzee tunayempenda, na pia ni lile tunda jekundu tunalolikatia kachumbari. Anayesema "nimeenda kumwona nyanya" na anayesema "nimeenda kununua nyanya" wanatumia umbo lilelile, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu masikio yetu yamelizoea. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, nyanya wa Mkenya anaitwa bibi. Lakini mwanamume wa Nairobi akisema "bibi yangu ananisubiri," anamaanisha mkewe. Nimewahi kumsikia mgeni kutoka Morogoro akimhurumia Mkenya mmoja kwa kusumbuliwa sana na bibi yake kuhusu karo ya watoto. Alidhani ajuza yule ndiye anayelipa.

Kwa hivyo nyanya wa kila mmoja wetu ni kitu kingine mdomoni mwa jirani: kuku, susu, gogo, tunda, mke. Kwa nini hali ni hivi? Jibu lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ya watoto wachanga. Ukiyatazama majina ya jamaa wa karibu katika lugha mbalimbali, utaona kwamba mengi ni silabi moja iliyorudiwa: mama, baba, dada, kaka, nyanya, susu, kogo. Mtoto anayeanza kusema hupenda kurudia silabi nyepesi, na wazee walio karibu naye hufurahi na kudhani wameitwa. Mwanaisimu Roman Jakobson, mzaliwa wa Urusi, aliandika mwaka wa 1960 kuhusu jambo hili hasa: kwa nini mama na papa hupatikana katika lugha zisizo na uhusiano wowote. Silabi zinazopatikana kwa urahisi ni chache, jamaa wa kuitwa ni wengi, na kila jamii hugawa silabi hizo kwa njia yake. Ndiyo maana kwa Kijojia, lugha ya kule Kaukazi, mama ni baba mzazi, naye mama mzazi huitwa deda. Kwa lugha za Kislavoni, baba ni mwanamke mzee. Kwa Kirusi, nyanya ni yaya wa kulea watoto. Hakuna aliyemwazima mwenzake. Watoto ni watoto popote walipo.

Sehemu ya pili ya jibu ndiyo pana zaidi, na ndiyo itakayotusaidia pale dukani. Maneno mawili ya lugha mbili yakifanana, sababu huwa moja kati ya tatu: undugu, mkopo au sadfa. Anayeyatazama kwa macho tu hawezi kuzitofautisha, kama vile watu wawili wanaofanana wanaweza kuwa ndugu, au mmoja amevaa koti la mwenzake, au ni watu baki tu.

Tuuchukue undugu kwanza, na tumtumie kuku huyohuyo. Mswahili husema kuku. Mkikuyu na Mkamba husema ngũkũ. Mluhya husema ingokho, neno ambalo kila mpenda kitoweo nchini analijua. Mganda husema enkoko, na Mzulu, maelfu ya kilomita kusini mwetu, husema inkukhu. Hawa ni ndugu halisi, watoto wa neno moja la kale la Kibantu. Tunajuaje? Si kwa kufanana kwao pekee. Tunajua kwa sababu tofauti zao zina utaratibu. Mahali ambapo Kiswahili kina k mwanzoni mwa nomino za aina hii, Kikuyu huwa na ng: kuku ni ngũkũ, kuni ni ngũ. Palipo na t katika neno mtu, Kikuyu kina nd: mũndũ. Na palipo na k ya Kiswahili, Kiluhya cha Mumias hupenda kh: kufa ni okhufwa, kucheka ni okhutsekha, na kuku ni ingokho.

Huu utaratibu ndio uliowawezesha wataalamu kuthibitisha kwamba lugha zetu ni jamii moja. Wilhelm Bleek aliuonyesha undugu huo katika sarufi linganishi ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 1862, na istilahi "Bantu" ikapata mashiko kupitia kazi yake. Mwaka wa 1899 Carl Meinhof alichapisha kitabu kilichofuatilia sauti hizo moja baada ya nyingine. Funzo lao kubwa ni hili: undugu wa maneno huthibitishwa na tofauti zinazojirudia. Ndugu wa kweli aghalabu hawafanani sana. Kuku na ingokho hawafanani kama kuku na kukhu, lakini wale wa kwanza ndio ndugu.

Hapo ndipo msomaji makini ataniuliza: je, kukhu hana undugu wowote na kuku? La. Mluhya ana ingokho kwa ndege na kukhu kwa nyanya, na katika kinywa chake maneno hayo mawili hayajawahi kukutana. Waliokutana ni kukhu wa Mumias na kuku wa Nairobi, juu ya kioo cha simu.

Aina ya pili ni mkopo. Hapa neno limehama kutoka lugha moja hadi nyingine, na mara nyingi maana imebadilika njiani. Mfano ninaoupenda ni gereza. Limetokana na neno la Kireno, igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Kanisa likawaje jela? Wareno walijenga ngome pwani, na ndani ya ngome mlikuwa na makanisa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ni mojawapo. Wenyeji walilihusisha neno hilo na ngome nzima. Hata leo ngome iliyoko Kilwa Kisiwani huitwa Gereza. Ngome zikaja kutumiwa kufungia watu, na Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958. Neno lilibaki palepale ngomeni, ila kazi ya jengo ikabadilika, na maana ikafuata. Kwa nyumba ya ibada, Waswahili walikuwa na neno jingine la kukopa, kanisa, kutoka Kiarabu.

Au chukua shule. Sisi Wakenya tulitawaliwa na Waingereza, lakini neno hili ni la Kijerumani, Schule, lililoingia kupitia Tanganyika enzi za Wajerumani. Zanzibar wao husema skuli, kutoka Kiingereza. Shule na skuli zinafanana kwa kuwa Schule ya Mjerumani na school ya Mwingereza zote zilikopwa zamani kutoka Kilatini, nacho Kilatini kilikopa kutoka Kigiriki, ambako neno hilo, scholē, lilimaanisha wakati wa mapumziko. Wajukuu zangu, ambao huamka saa kumi na moja asubuhi kungoja basi la shule, hawakuamini nilipowaambia.

Kuna mikopo iliyojificha vizuri hata ikaonekana kama wazawa. Kitabu kimefanana na kisu na kiti, na wingi wake ni vitabu kama visu na viti. Lakini ile ki- ya kitabu si kiambishi cha Kibantu hata kidogo. Ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, kitāb. Waswahili waliisikia, wakaona inafanana na ki- yao, wakaipa vi- katika wingi. Mtu asiyejua historia hiyo angeapa kwamba kitabu na kiti ni ndugu.

Na mikopo haijakoma. Pale Njiru, kijana wa kabila lolote humwita bibi mzee "shosho." Neno hili ni la Kikuyu, cũcũ, ambalo c yake hutamkwa kama sh. Limeingia katika Sheng na sasa halina kabila. Pesa nalo lilitoka Bara Hindi, paisa, wakati ambapo rupia ilikuwa sarafu ya eneo hili hadi mwaka wa 1920. Kikuyu ikalifanya mbeca, Wakamba mbesa, na Waluo wakaliacha pesa. Tangu mwaka wa 2007, M-Pesa imelifanya lijulikane hata na watu wasiojua neno jingine la Kiswahili.

Sasa ngoja kidogo. Mhispania wa Amerika ya Kusini naye hulipa kwa peso. Pesa na peso, si ni kitu kimoja? Hapana. Peso linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya uzito, kwa kuwa fedha ilikuwa ikipimwa. Limefanana na pesa kwa sauti na kwa maana pia, na bado halina uhusiano nalo. Hii ndiyo aina ya tatu, sadfa, na ndiyo inayowaponza wengi, hata wasomi.

Mfano mashuhuri zaidi wa sadfa unatoka Australia. Katika miaka ya 1960 mwanaisimu R. M. W. Dixon alikuwa akitafiti Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa kaskazini mwa Queensland iliyokuwa imebakiwa na wasemaji wachache mno. Alipouliza mbwa anaitwaje, akaambiwa: dog. Yaani vilevile kama Kiingereza! Alidhani ni mkopo. Lakini lugha jirani zina neno gudaga kwa mbwa, na Kimbabaram kina mazoea ya kudondosha silabi za mwanzo na kubadilisha irabu. Kwa hatua chache gudaga hugeuka dog. Mwingereza alifika na dog yake akakuta nyingine ikimngoja.

Simba naye ana pacha wa mbali. Jina la Singapore linatokana na Kisanskriti, simha, yaani simba, na pura, yaani mji. Wapo wanaodai kwamba simba wetu alikuja na majahazi kutoka Bara Hindi. Lakini neno hili lina jamaa bara, mbali na bandari. Kwa Kizulu, insimba ni mnyama mdogo wa porini mwenye madoadoa, anayefanana na paka. Majahazi hayakumpeleka huko. Na kuku wetu akifika Uajemi atakuta chakula kiitwacho kuku, nacho hupikwa kwa mayai! Ungedhani ushahidi umekamilika. Lakini kuku wa Kibantu ameenea hadi Zulu, ambako Mwajemi hakuwahi kupeleka mapishi yake. Akifika Japani, kuku atakuwa jedwali la kuzidisha hesabu, kwa sababu ku ni tisa, na kuku ni tisa mara tisa. Hata gari, tulilolikopa Bara Hindi, likifika kwa Wahausa huwa ni mji, na ukilisikia sokoni Lagos huenda ni unga wa muhogo. Usishangae ukiambiwa watu wamekula gari wakashiba.

Turudi Njiru, maana si lazima kusafiri hadi Japani ili kukutana na sadfa. Mtaa huu una watu wa kila upande wa Kenya. Simama katika kituo cha matatu za kwenda Ruai na Mwiki kwa nusu saa tu, utasikia. Mkamba aliyewasili majuzi kutoka Machakos ana kiu, anamwomba mwenye kibanda "manzi." Kwa Kikamba hayo ni maji, na neno lenyewe ni ndugu halisi wa maji yetu. Lakini katika Sheng, manzi ni msichana, mpenzi. Vijana wanaangua kicheko, mgeni anaona haya, na kiu yake iko palepale. Mjaluo naye anasema ndugu yake amejenga simba. Mswahili anashangaa: simba hujengwa? Kwa Dholuo, simba ni nyumba ya kijana ambaye bado hajaoa, ndani ya boma la babake, na baadhi ya majirani zao Waluhya wana neno hilo pia. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba "kaka yangu hulala ndani ya simba," mwalimu asiyejua atachora mstari mwekundu na kuandika "upuuzi." Mwalimu anayejua pia atalisahihisha, kwa kuwa Kiswahili sanifu hakina maana hiyo, lakini atamweleza mtoto, wala hatamwita mjinga. Tofauti kati ya walimu hao wawili ni kubwa kwa mtoto.

Sasa nimjibu mwenye duka. Uliniuliza, ungejuaje? Kuna maswali matatu ambayo sisi watu wa maneno hujiuliza tukikuta maneno yanayofanana, na kila mtu anaweza kuyatumia.

Kwanza, huyu anayesema ametoka wapi, na kwao neno hili lina maana gani? Ulijua kijana wako ni wa Mumias. Hukuhitaji kujua Kiluhya. Ulihitaji kukumbuka tu kwamba anacho.

Pili, je, sarufi inasema nini? Katika Kiswahili sanifu, mnyama humilikiwa kwa "wangu": kuku wangu, mbuzi wangu, ng'ombe wangu. Jamaa wengi huchukua "yangu": mama yangu, dada yangu, nyanya yangu. Kijana aliandika "kuku yangu." Nakiri kwamba ushahidi huu ni hafifu kwa Nairobi, kwa sababu hapa kwetu "yangu" imetapakaa kila mahali, na watu husema hata "mtoto yangu" bila kupepesa macho. Kwa hivyo kwa hili sikulaumu.

Tatu, maneno jirani yanasemaje? Na hapa, ndugu yangu, ndipo mlango ulipokuwa wazi. Kijana hakuandika "amekufa." Aliandika "amefariki." Kufa ni neno la kale la Kibantu, na kila chenye uhai hufa: mtu, kuku, mti, hata betri ya simu siku hizi. Kufariki ni mkopo kutoka Kiarabu, kutoka kitenzi chenye maana ya kuachana, kutengana. Ndiyo maana husemwa mtu amefariki dunia: ameachana nayo. Tangu likopwe, Waswahili wamelitengea binadamu, kwa heshima. Hujapata kumsikia mfugaji yeyote, awe wa Njiru au wa Ruai, akisema kuku zake kumi wamefariki kwa ugonjwa wa mdondo. Atasema wamekufa. Kuku hafariki.

Kijana wako, kwa Kiswahili chake cha kujifunzia shuleni na kibaruani, alichagua neno la heshima kwa mtu aliyemlea. Neno moja katika arafa yake lilifanana na mzaha. Neno lililofuatia lilikuwa la msiba. Wewe na wateja wako mlilisikia la kwanza mkaacha la pili lipite. Sisemi haya kukuumiza, kwani najua umeumia. Nayasema kwa kuwa mimi mwenyewe, pamoja na shahada zangu zote, sina hakika kwamba ningelisikia neno lile la pili iwapo arafa ingenifikia alfajiri, nikiwa na wateja mlangoni.

Na hata kama maswali haya matatu yote yangekupita, lilikuwepo la nne, ambalo halihitaji elimu ya isimu. Ungemwandikia: "Kuku gani?" Maneno mawili. Angekujibu, na angepanda gari la Jumatatu usiku.

Nilimpigia simu kijana juzi kumwomba idhini ya kuandika kisa hiki. Amerudi kazini. Nikamuuliza kama angali na kinyongo na mwajiri wake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, hakujua. Lakini siku hizi nikiandika, naandika nyanya." Nikamwambia asiache kumwita marehemu kukhu, ila aikumbuke ile h. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuzungumza.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutatazama maneno ambayo Sheng imeyakopa kutoka Dholuo, na kwa nini baadhi yao yamegeuka maana kabla hata hayajavuka daraja la Njiru.